Sentimita Arobaini

Nimepima kwa uzi wa sufu,
ule wa kijivu uliobaki kwenye soksi za Ilpo:
kutoka tundu la nyuma la mashine ya sidii
hadi mgongoni mwa amplifaya,
ukizunguka kopo la kahawa.
Nikafunga fundo. Sentimita arobaini.
Uzi nikautia mfukoni,
nikashuka mjini Tampere, theluji ikinikwaruza shingo.

"Arobaini tu?" akauliza muuzaji,
kama niliyeomba nusu ya yai.
Kifuani kabandika jina lake, Tarmo.
Akanitolea kwanza waya wa fedha tupu,
umelazwa kwenye kisanduku cha mahameli
mithili ya mkufu wa bibi harusi.
Mita mbili. Bei yake
matairi manne ya theluji, na ujira wa kuyafunga.
"Rahisi huvunja upishi, mama," akasema.
"Huu utakusikilizisha hata hewa
inayoizunguka klarineti."

Hewa!
Mimi usiku kucha nasikiliza hewa.
Wodi ya sita, kitanda cha dirishani,
hewa inaingia kwa mpira, inatoka kwa mpira,
na mimi nahesabu.
Nyaya nazo nazijua, kijana:
tano juu ya kifua cha mzee,
mmoja ukilegea kioo kinatangaza msiba
na marehemu mwenyewe ameketi, anakula uji.
Hapo haulizi mtu kama waya ni wa fedha.
Huuliza: umeshika?

Sikumwambia hayo. Nilisema, "Nionyeshe mingine."

Mmoja mwekundu, mnene kama nyoka aliyeshiba,
plagi yake iling'ang'ania tundu
ningeitoa na tundu lenyewe.
Mmoja wa bei ya mkate
ulining'inia, ukadondoka nikiutazama.
Wa tatu mweusi, hauna makuu.
Tarmo akaukunja nikaona ndani ya mdomo wake
wavu wa shaba uliosukwa, mkazo, kama kikapu,
na moyo wa shaba katikati.
Nikachomeka. Kwi! Nikavuta. Ukakataa kwa adabu.
"Upo wa hamsini," akasema, "arobaini hatuna."
Basi kumi zile nitazikunja nyuma ya kahawa.

Usiku wa mapumziko mwili wangu hukataa kulala.
Ilpo yuko ng'ambo ya ukuta wa mbao,
saa kumi atoke na basi lake la kwanza,
ndiyo maana ya hedifoni, ndiyo maana ya yote haya.
Nikazivaa. Nikawasha.

Nguuuuu.

Nguuuuu, kama nyuki ndani ya chupa.
Nikazima friji. Nguuuuu.
Nikazima taa, nikakaa gizani na aibu yangu,
nikaona mahameli, nikamwona Tarmo akitabasamu,
nikaanza kuyauza matairi moja moja.

Kisha vidole, si masikio, vikagundua:
zile sentimita kumi za ziada
zilikuwa zimejiviringisha kwenye waya wa umeme
kama wachumba kituoni.
Nikawatenganisha. Palipobidi wakutane
nikawapitanisha msalaba, mmoja juu ya mwenzake,
wapeane salamu na kila mtu aende zake.

Ziii.

Sijawahi kununua kitu kikanipa kimya kama kile.
Hakikuwa kimya cha wodini, kile chenye mtu ndani yake.
Kilikuwa kipana, kikavu, kama ziwa lililoganda
kabla mtoto hajaliandika kwa viatu vya barafu.

Sijui nilikaa muda gani.
Mlango ukafunguka, Ilpo na soksi za kijivu,
soksi moja ina tundu kidoleni.
Akanyanyua upande mmoja wa hedifoni, akategea sikio.
"Raili. Mbona hakuna kitu?"
"Ndiyo," nikamwambia. "Umesikia?"

Akasikiliza tena, kwa heshima,
kisha akawasha friji.
Sidii bado sijaibonyeza.